Macho Yalikuwa Kazi ya Alal

Kwa miaka kumi na mmoja mimi na Alal tulishona wanyama wa kuchezea wa felti, na katika miaka yote hiyo sikushona jicho hata moja. Mwili ulikuwa wangu, macho yake. Marehemu baba yangu alikuwa akisema kwamba mwenye kuumba sura ataambiwa siku ya kiyama aitie roho, na atashindwa. Mimi sikutaka kesi hiyo. Kwa hiyo nilishona mgongo, masikio na mkia, nikajaza pamba ya mto, nikafunga, kisha nikamsukumia Alal mnyama kipofu naye akamtia macho.

"Zuba," alikuwa akiniambia, "siku hiyo Mungu nakuuliza, wewe nasema nini?"

"Nitasema ukweli. Macho yalikuwa ya Alal."

Alicheka mpaka sindano ikamtoka mkononi, tukaitafuta mkekani kwa viganja, polepole, tusije tukachomwa.

Nataka kwanza niseme alikuwa mtu gani, kabla sijasema nilivyompoteza. Nikianzia kwenye kumpoteza nitajikasirikia, na mtu mwenye hasira hasimulii sawasawa.

Alal ni Mlangi, mtu wa Lira kule kaskazini. Mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na urefu wake. Mumewe, Ogwang, alikuwa polisi, na waliishi kambini mpaka Ogwang alipogongwa na lori akafa. Nyumba ya kambini ni ya kazi. Mwenye kazi akifa, nyumba haikujui. Alal akamchukua binti yake, Aber, akaja kupanga chumba kimoja hapa Kawempe, mlango wa sita kutoka kwangu. Mimi ni Mnubi, na nimezaliwa hapa hapa, katika nyumba ya baba, kitukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani enzi za Mwingereza. Jina langu ni Zubaida, lakini watu huniita Hajati. Kampala hii, ukifunga mtandio na ukapata mvi mbili, wewe ni Hajati, hata kama Makka umeiona kwenye kalenda tu. Ni Alal peke yake aliyekataa. Siku ya kwanza tulipojuana, bombani, alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Hajati gani hajapanda ndege?" Akaniita Zuba, na kwake nikabaki Zuba.

Wanyama walianzia Ntinda, mtaa mwingine wa hapa Kampala. Alal alikuwa akifagia katika shule moja ya watoto wadogo, na mwalimu mmoja Mzungu alipokuwa akirudi kwao alimwachia boksi. Ndani mlikuwa na vipande vya felti, nyuzi, na bahasha ya pateni, zile karatasi za kukatia, kila mnyama na karatasi zake. Maelezo yalikuwa ya lugha tusiyoijua. Mimi nilisema ni Kijerumani, mwanangu Sadik akasema Kiholanzi, tukabishana. Alal hakujali. "Karatasi naonyesha," alisema. "Si lazima iseme."

Lakini karatasi ya tembo ilimshinda. Kulikuwa na kipande kirefu chenye miguu minne na hakina kichwa, hakujua ni cha wapi, akakiacha. Akashona pande mbili tu. Tembo akatoka bapa. Tulimwita Chapati, na mpaka leo ananing'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu. Wiki nzima Alal alikigeuzageuza kile kipande. Halafu asubuhi moja nikamkuta amelala chali uani, kichwa chini ya mbuzi wa jirani, anamtazama kwa chini.

"Alal, umeugua?"

"Ni tumbo!" akapiga kelele. "Zuba, hiyo kipande ni tumbo na ndani ya miguu!"

Tangu siku hiyo tembo wetu walisimama wenyewe. Twiga wakafuata, na sungura, na kiboko mnene ambaye watoto walimpenda kuliko wote. Karatasi za Mzungu zilipoanza kuchakaa, Alal alizichora upya zote kwenye maboksi ya sabuni, akakata, akaandika juu ya kila kipande kwa kalamu ya wino: sikio, kata nne, tumbo, kata moja. Alikuwa akiipenda felti. Ni kitambaa kizito kama blanketi changa, ukikikata hakifumuki, na hakina nje wala ndani. "Hii nguo haina mgongo," alisema. "Hata ukigeuza, nakuangalia usoni."

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Felti yoyote mpya, kabla haijakatwa, kona yake inaloweshwa katika maji ya chumvi na kusuguliwa juu ya kitambaa cheupe. Ikiacha alama, hairuhusiwi mkekani. Mtoto hutia kila kitu mdomoni, alisema, na sisi hatutamwona mtoto huyo.

Kila asubuhi, Aber akishaondoka kwenda kazini saluni, Alal alikuja barazani kwangu, akavua ndala, akaketi mkekani. Kiti sikumpa hata siku moja, wala yeye kwake hakunipa. Kiti ni cha mgeni. Jioni nilimsindikiza hadi kwake, naye akasema siwezi kurudi peke yangu, akanisindikiza hadi kwangu, na mimi nikasema sasa je, utarudi peke yako? Watu wa Kawempe walitucheka. Milango sita tu, na tuliweza kuimaliza kwa saa nzima.

Sasa niseme na habari ya Kiswahili changu, maana imo ndani ya jambo hili.

Nilipokuwa msichana nilikaa Mombasa kwa shangazi yangu miaka minne, nikarudi Kampala na Kiswahili chenye ngeli zake zote, na kiburi juu yake. Muuza nyanya akisema "nyanya mzuri," namwambia nzuri. Bodaboda akisema "mtu hiyo," namwambia huyo. Mganda akinigeuzia r kuwa l, namrudisha darasani pale pale barabarani. Sadik alikuwa anaona haya kwenda nami sokoni. Alal alisema, "Zuba, wewe nasahihisha mpaka kuku." Kiswahili chake yeye kilikuwa cha kambini, kifupi, kimekatwakatwa kama mkate wa mgao, na nilimwachia. Ni yeye peke yake niliyemwachia.

Siku moja ya mvua, tukiwa tumehamishia mkeka ndani, aliniambia jambo ambalo hakulirudia tena. Mwaka wa themanini na tano, serikali ilipopinduliwa, Langi walikuwa wa upande ulioshindwa. Alal alikuwa na miaka minane, baba yake polisi, wakiishi kambini hapa hapa Kampala. Asubuhi moja wanaume wenye bunduki walipita wakipiga milango. "Langi toka! Langi yote toka!" Mama yake alikuwa amebandika maharagwe. Akatoka na sufuria bado ya moto, ameishika kwa kanga, na watoto nyuma yake. Baba yao hawakumwona tena.

"Si wale ya bunduki," Alal aliniambia. "Wale mimi sijui. Ni jirani. Mama na yeye nachota maji pamoja kila siku. Alisimama kwa mlango yake, akatuangalia tunapita. Hata 'kwaheri' hakusema."

Nikamuuliza jirani huyo alikuwa nani. Akasema jina limempotea, lakini gauni lake analiona mpaka leo, la maua ya njano. Kisha akachukua sungura, akamtia macho.

Mimi nilisikia hayo kwa masikio yangu. Siwezi kusema sikuambiwa.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Erinayo, Mganda mwenye duka la vitu vya watoto huko Ntinda. Mtu mzuri, mkweli, anayezungumza kwenye simu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Luganda naijua, lakini Erinayo alikuwa anataka Kiswahili kwa ajili ya wateja wake Wakenya na Wakongo, na alinifanya mimi mwalimu wake wa bure. Erinayo hakumjua Alal. Alijua tu kwamba nina mwenzangu.

Erinayo akataka majogoo thelathini. Mwili mweupe, kilemba chekundu. Felti nyeupe tulikuwa nayo. Nyekundu nikaenda kuitafuta Kikuubo, soko la katikati ya mji. Siku hiyo Kikuubo ilikuwa imeshonana watu, wingu limekaa juu ya mabati, wapagazi wananisukuma kwa marobota. Nilichukua nyekundu ya kwanza niliyoiona. Nyumbani nikaikunjua mbele ya Alal. Ilikuwa nyekundu kama pilipili.

"Umeijaribu?" akauliza.

Miguu ilikuwa inaniuma. Beseni lilikuwa mbali. Nikasema, "Nimeijaribu."

Hakuuliza mara ya pili. Alichukua mkasi akakata. Kwa nini aulize mara ya pili? Miaka kumi na mmoja sikuwahi kumdanganya.

Majogoo walikwenda Ntinda, na siku ya nne Erinayo akanipigia. Mtoto wa mteja alikuwa amenyonya kilemba cha jogoo pale dukani. Mama yake alipomgeuza akaona mdomo mzima mwekundu, akapiga ukelele kwamba mtoto anatapika damu. Duka likajaa watu. Mtoto hakuwa na kitu, alioshwa mdomo akaomba jogoo wake, lakini mama alilia mpaka akaketi chini. Nikamwomba Erinayo radhi, nikamwambia nitarekebisha. Alal alikuwa uani anaanika felti. Aliporudi akaniuliza nani alikuwa anapiga simu, nikamwambia ni Sadik.

Huo ukawa uongo wa pili. Uongo ni kama panya, ukiona mmoja jua kuna wenzake.

Kesho yake, Alal akiwa hajaja bado, Erinayo akaniletea ujumbe wa sauti. Ninao mpaka sasa kwenye simu yangu, na naweza kuuandika bila kuusikiliza:

"Hajati, mimi nimefikiri sana. Kazi yako ni mzuri, mikono yako ni mzuri. Shida ni hiyo langi tu. Hiyo langi toa. Sitaki kuona hiyo langi tena kwa duka yangu, nafanya watu nalia. Bakia na ile ingine. Lakini hiyo langi, toa kabisa."

Mimi nilisikia rangi. Wallahi nilisikia rangi. Masikio yangu husahihisha yenyewe, hayaningojei. Na nilijua habari ya mtoto na kilemba, kwa hiyo maneno yalikwenda moja kwa moja mahali pake.

Nilipaswa kuvaa ndala, kupita milango sita, kuketi mkekani na kusema: Alal, nilikudanganya, ile felti sikuiosha. Hayo ni maneno mangapi? Lakini niliona haya. Mwanamke wa umri wangu, anayesahihisha mji mzima, aende kuungama kama mtoto wa madrasa! Nikaona njia nyepesi. Nikautuma ule ujumbe kwa simu ya Alal, na chini yake nikaandika: "Sikia Erinayo. Naona amesema kweli."

Nilijiona nimeungama. Nilikwenda kupika nikiwa na moyo mwepesi.

Asubuhi hiyo Alal hakuja. Wala kesho yake. Alama mbili za buluu zilionyesha amesikia, na jibu hapana. Nikasema moyoni: amenuna kwa sababu ya kitambaa. Miaka yote hii, na ananinunia kwa kitambaa! Basi anune. Kukosa nilikosa mimi, na kukasirika nikakasirika mimi. Hivyo ndivyo kiburi kinavyofanya hesabu zake.

Tulikutana bombani siku ya sita. "Salama?" akasema. "Salama," nikasema. Alisimama kidogo, ndoo imejaa, kana kwamba anangoja mtu wa kumtwisha. Nikashughulika na mfuniko wa dumu langu, nao haukuwa na tatizo lolote. Akajitwisha mwenyewe akaenda.

Wiki ya tatu Erinayo akataka tembo arobaini, wa kijivu watupu. Pateni zilikuwa kwa Alal, na ule mkasi mkubwa. Nilisimama barazani nikiutazama mlango wake. Iliniwia vigumu kwenda. Kisha nikafanya jambo ambalo likinijia hata sasa hunilazimu kuweka chini nilichoshika. Nilimwita Otim, kijana wa bodaboda wa hapo kituoni, nikamwambia aende kwa mama Aber aniletee bahasha na mkasi.

Otim akatazama upande wa kule, akanitazama mimi. "Hajati, si ni hapo tu?"

"Nenda."

Hakuwasha hata pikipiki. Alikwenda kwa miguu akarudi kwa miguu. Aliniletea bahasha, na vipande vyote ndani vimepangwa mnyama kwa mnyama. Mkasi ulikuwa umefungwa katika kitambaa usije ukamkata mtu. Na juu yake, kitu ambacho sikukiomba, kopo la siagi. Nikalifungua. Lilikuwa limejaa macho. Viduara vyeusi, kila kimoja na nukta yake nyeupe imeshashonwa tayari. Yalikuwa mengi, ya kutosha tembo wote na kubaki.

"Alisema nini?"

"Aliuliza tu kama wewe ni mgonjwa."

"Ukamwambiaje?"

"Nilisema hapana, mzima."

Nikashona tembo. Nilishona miezi miwili, peke yangu, nikawapanga kikapuni vipofu arobaini. Nilijiambia siku moja Alal atapita, ataona, atacheka, atavua ndala. Erinayo alikuwa anauliza, na mimi nilikuwa namwambia bado kidogo.

Aliyekuja ni Aber. Ilikuwa Ijumaa, nimetoka kuswali. Alisimama nje ya baraza, hakupanda.

"Mama Sadik, mama yangu naenda Lira kesho. Kwa mjomba. Harudi. Hakunituma, nimekuja mwenyewe kukuuliza kitu moja."

"Niulize, mwanangu."

"Ni kweli wewe na huyo mtu ya Ntinda mlisema Langi atoke?"

Nikamwambia sielewi. Akasema alikuwepo, mama yake aliufungua ujumbe kwa sauti kubwa akinywa chai, na yeye Aber alisikia neno kwa neno, na chini yake akasoma mimi nimeandika kwamba amesema kweli. Mama yake aliweka kikombe chini. Tangu siku hiyo hakuzungumzia tena jambo hilo, na Aber hakuthubutu kumuuliza.

Nikatoa simu. Nikasikiliza pale pale, mbele ya mtoto, na mara hii sikuyaruhusu masikio yangu kusahihisha. Shida ni hiyo langi tu. Hiyo langi toa. Sitaki kuona hiyo langi tena kwa duka yangu.

Kule Mombasa neno moja tu lingetuokoa. Rangi ni hiyo, mtu ni huyo. Rangi imetoka, mtu ametoka. Hata mtoto wa miaka mitatu hachanganyi. Lakini kwetu Kampala kila kitu ni hiyo, mtu, mbuzi na sufuria. Nimepiga kelele miaka thelathini juu ya hiyo na huyo mpaka watu wakanikimbia. Siku moja ambayo ilikuwa na maana, nilinyamaza, na nikatia sahihi chini yake.

"Ni rangi, Aber," nikasema. "Rangi ya kilemba. Ilichuja." Nilikuwa nimeshavaa ndala.

Nikapita milango sita mbio, mtandio umeanguka mabegani. Alal alikuwa mbele ya chumba chake anafunga masufuria kwa kamba. Aliponiona alisimama, akapangusa mikono. Nikatazama mkeka, ulikuwa umeshakunjwa, umeegemezwa ukutani. Akaingia ndani, akatoka na kiti. Akakifuta kwa kanga yake, mahali pa kukalia na mahali pa kuegemea.

"Karibu, Hajati," akasema. "Kaa."

Kama angenipiga kofi ningeshukuru. Niliketi kwenye kile kiti. Nikamwambia yote, bila mpangilio, Kikuubo na wingu na beseni, mtoto na mdomo wake, simu niliyosema ni ya Sadik. Nikamwambia Mganda hana r, ni rangi, Alal, ni rangi, hakuna mtu aliyesema Langi, mimi ningewezaje? Nililia kama nimefiwa. Yeye alisimama, mkono mmoja juu ya sufuria, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi najua Kiswahili ya Baganda tangu mtoto," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida. "Siku ile nilisikia vibaya, ndiyo. Chai ilinishinda. Nikaona kambi, nikaona mama na sufuria. Lakini jioni nikafikiri, hapana, Zuba hawezi. Kulikuwa na jogoo moja hapa, ile mguu yake ilikuwa mbaya tukaiacha. Nikaiweka kwa beseni. Maji ikakuwa nyekundu yote. Nikasema, kumbe! Ni rangi, si mimi."

"Ulijua?" nikasema. "Tangu siku hiyo hiyo?"

"Jioni ile. Nikajua pia hukuijaribu ile felti." Akatabasamu kidogo, na tabasamu halikukaa. "Nilicheka peke yangu, Zuba. Nilisema kesho wewe nakuja hapa kuniuliza mbona sikuja, mimi nitanuna kidogo, halafu nitakuonyesha jogoo kwa maji, tutacheka mpaka tulie. Nilikuwekea kicheko. Sikumwaga hata yale maji, nilifunika na sahani."

Nikafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Hukuja. Siku moja, wiki moja. Kwa bomba nilisimama. Nikafikiri labda ni mgonjwa. Halafu ukatuma bodaboda." Akatazama upande wa nyumba yangu, ambayo kutoka pale inaonekana mpaka nguo zilizoanikwa. "Kutoka hapo mpaka hapa, bodaboda. Siku ile ndiyo nilimwaga maji."

Nilimwomba msamaha. Akasema amesamehe zamani, jambo hilo halina uzito, watu hukosana. Nikamwomba asiende. Akasema ndugu yake amempa chumba na kiwanja cha kulima, goti linamsumbua, na hapa kazi imeshakatika. "Na mara hii natoka mwenyewe, mchana," akasema. "Hakuna mtu ananipigia mlango."

Nilisema basi, walau anitilie macho wale tembo. Arobaini tu. Ningewaleta, tungeketi pamoja jioni hiyo, tungemaliza.

Alifikiri. Naapa alifikiri. Kisha akainama akaendelea kuvuta kamba ya masufuria. "Macho ni rahisi," akasema. "Anza na la kulia, uweke kidole katikati, halafu la kushoto. Utaweza."

Alinisindikiza mpaka mwisho wa ukuta wa chumba chake. Nilingoja nisikie kwamba siwezi kurudi peke yangu.

"Uende salama, Hajati," akasema.

Gari la Lira liliondoka Jumamosi asubuhi. Nilisimama barazani. Walipita, Aber na mzigo kichwani, Alal na ile sufuria kubwa mikononi. Nilikuwa na maneno mengi kooni, na nilipokuja kufungua mdomo walikuwa wameshapinda kona. Jioni nilipovua gauni ndipo nilipolitazama. Halikuwa la maua ya njano, lilikuwa la buluu. Haikunisaidia.

Tembo niliwatia macho mwenyewe. Mwenyezi Mungu ataniuliza, na sasa sina wa kumsingizia. Nilianza na la kulia, nikaweka kidole, nikashona la kushoto, na bado hakuna hata mmoja anayetazama mbele. Mmoja anaangalia mlango, mwingine dari. Nikawafunga katika mfuko nikawapeleka Ntinda.

Jioni Erinayo akanipigia, kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto. Alikuwa na furaha. Wateja wamependa tembo, macho yao yanachekesha.

"Hajati, na ile langi?" akauliza. "Ile ya shida. Ulitoa?"

Mkeka ulikuwa wazi mbele yangu, nusu yake tupu. Miaka thelathini nimesahihisha watu, nikasema mara hii pia niseme sawasawa.

"Ametoka," nikamwambia.

Hakusikia tofauti. "Ni mzuri, Hajati," akasema. "Ni mzuri sana. Sasa kazi itaenda."